Hatukugoma, Tulifiwa

Nyie mkisikia korona mnafikiria ugonjwa. Kwetu sisi tuliofanya kazi mkongeni Korogwe, korona ni mashine, pamoja na banda lake na ule mlio wake uliokuwa unakuingia mpaka kwenye meno. Majani ya mkonge yanaingia upande mmoja mabichi na mazito, yanatoka upande wa pili yakiwa singa, nyuzi nyeupe. Katikati hapo pana magurudumu yenye visu. Nilisimama mbele ya magurudumu hayo miaka kumi na tisa nikipanga majani mezani, na mikono yangu yote ninayo. Nitawaeleza kwa nini ninayo.

Mjukuu wangu ameniambia kuna vijana mnaoandika hadithi kwenye simu, na mnataka kujua sisi wa zamani tuliandikaje. Shule niliishia darasa la pili, kwetu Handeni, na hilo la pili sikulimaliza. Anayetafuta ufasaha akatafute kwingine. Lakini nimejaza madaftari kumi na moja, na hadithi moja kati ya zilizomo ilisimamisha mashine. Mwenye digrii aniambie yake imesimamisha nini.

Nianze na yai. Shamba letu, ambalo jina silitaji, lilikuwa limeshatoka mikononi mwa mabwana wa zamani na kuwa la umma baada ya Azimio. Meneja alikuwa mtu wetu, mweusi kama mimi, na alituita ndugu. Kila asubuhi alikuja koronani na yai la kuchemsha mkononi, akala amesimama, maganda akayadondosha tunapokanyaga, akatuambia tuongeze kasi. Sasa ile mashine ilikuwa na kinga ya chuma ya kufunika kinywa chake, lakini ilikuwa imeng'olewa siku nyingi, eti inapunguza mwendo wa majani. Tuliomba irudishwe. Tukajibiwa kuwa mashine ni yetu sasa, mtu anaogopaje mali yake mwenyewe.

Kushotoni kwangu alisimama Mhina, Mzigua wa Kang'ata, rafiki yangu tangu tuanze kazi. Yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kinywa. Mtu mcheshi, hana meno ya mbele hata moja, yaliondoka na teke la punda. Kila siku niliuona mkono wake wa kushoto ukienda na majani hadi pale mnyororo unapoyabana, kisha unarudi. Unakwenda, unarudi. Mtu ukiangalia kitu kama hicho siku nzima, unaanza kuhesabu, na unaanza kuogopa siku utakapohesabu kwenda bila kurudi.

Kwa hiyo nikaandika. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika waziwazi. Nilibandika karatasi kwenye ukuta wa ghala: MENEJA ANASUBIRI MKONO WA NANI. Sikutia jina, nikajiona mjanja. Lakini kambini tuliokuwa tunajua kuandika tulikuwa watu wanne, na mwenye kuandika herufi kubwa kama vibanda vya kuku ni mimi peke yangu. Nikapelekwa kung'oa magugu miezi mitatu, na Mhina akabaki pale pale.

Aliyenitoa ujinga ni Mama Agnes, mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima. Alikuwa Msambaa wa Vugiri, mama wa kanisani, mkali kama pilipili ya kukausha. Aliniita baada ya darasa.

"Mgaza, unataka kumsema meneja?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mvue shati la leo, umvalishe la Mjerumani. Watu watamjua kwa mwendo."

Hiyo ndiyo shule yangu yote ya uandishi, vijana. Mengine ni jasho. Rasimu ya kwanza nilimfanya nyapara wa Kijerumani awaite manamba "ndugu wafanyakazi". Mama Agnes alicheka mpaka akashika meza. Tangu hapo nikajifunza kwenda kuwauliza wazee: mliamshwa na nini, mlivaa nini, mlikula nini mchana? Ukitaka uongo mkubwa usimame, uchimbie chini kweli ndogo ndogo nyingi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Zamani za Mjerumani palikuwa na mpanga majani aliyeitwa Semlugu. Jina nililitoa kichwani, nikahakikisha halina mwenyewe kambini. Nyapara wake anakula yai, anataka kasi. Siku moja korona inakula mkono wa kushoto wa Semlugu. Nyapara anakataa kusimamisha mashine, singa zinatoka nyekundu, zinafungwa robota zinaondoka. Semlugu anainuka, anaingia katikati ya mkonge, anapotea. Basi. Nikapiga mstari chini, nikaandika MWISHO. Nilijisifu sana kwa mwisho ule. Kumbe ndio ulikuwa kosa la pili.

Niliisomea watu Jumapili mchana, kwenye uwanja wa kuanikia, kwa sababu pale pana nafasi na pana upepo. Singa zilikuwa zimetundikwa kwenye waya, mistari kwa mistari, ndefu na nyeupe kama nywele za vikongwe. Watu wamekaa chini, wanacheka kwenye yai, wanatikisa vichwa. Nilipofika pale mkono unapoingia, upepo ukakatika. Singa zote zikanyooka zikatulia.

Hapo nikaiona miguu. Nyuma ya mstari wa tatu wa singa, chini, pale zinapoishia, palikuwa na miguu miwili mitupu ya mtu amesimama anasikiliza. Ilikuwa myeupe hadi kwenye vifundo kwa maji ya mkonge yaliyokauka. Nikajua ni mpelelezi wa meneja. Nikasoma kwa sauti zaidi, makusudi, hadi mwisho. Watu walipoanza kupiga makofi nikazunguka haraka ule mstari. Hapakuwa na mtu, na uwanja ule ni mweupe, huna pa kujificha hata kama wewe ni paka.

Meneja aliniita Jumanne.

"Mgaza, nasikia unaandika."

"Habari za Mjerumani, bwana meneja. Mambo ya kale."

"Mbona Mjerumani wako anakula yai kama mimi?"

"Yai ni la zamani, bwana meneja. Hata Mjerumani alilikuta."

 Angenifukuza kwa lipi? Kwa kumchukia mkoloni? Nikatoka ofisini najiona nimekuwa mkubwa.

Wiki hiyo hiyo likaja tita la kwanza. Mkataji wa mkonge hukata majani thelathini, huyafunga pamoja kwa ukanda wa jani lililopasuliwa, hukaza kwa mikono miwili na goti. Hilo ndilo tita. Matita yanakuja koronani kwa toroli, sisi tunafungua. Mhina alishika moja, akalizungusha.

"Nani huyu anafunga kama fisi?"

Fundo lilikuwa limekazwa kwa meno. Alama zilionekana kwenye ukanda, juu na chini, mbichi kabisa. Kesho yake likaja lingine. Kila siku moja, majani thelathini kamili, yamekatwa vizuri kwa mkono wa mtu anayeijua kazi. Tukawauliza wakataji, kila mmoja akakana. Wasukuma toroli wakasema wanalikuta mwisho wa reli, upande wa kitalu cha zamani, mahali ambapo hakuna aliyepangiwa kazi tangu mkonge wake utoe maua na kufa.

Nilimshuku Mhina. Nikamwambia, "Acha mchezo, watu wameanza kuogopa."

Akafungua kinywa chake mbele yangu. "Niume na nini, mwenzangu? Na ufizi?"

Angalieni neno hili, maana lilininyima raha kwa siku nyingi. Katika hadithi yangu sikuandika habari ya meno. Semlugu wangu alikatwa mkono, akaondoka siku ile ile. Hakufunga tita lolote.

Mhina hakujua kusoma, lakini alikuwa na kichwa cha kushika maneno. Alipokwenda Kang'ata kwenye sikukuu aliwahadithia watu Semlugu mwanzo mpaka mwisho. Siku chache baadaye, asubuhi moja ya mapumziko, nikamkuta bibi kizee mlangoni kwangu, amekaa kwenye furushi lake, vumbi la lori bado liko kwenye kope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemsema baba yangu?"

Akaniambia jina lake, Mwanahawa, wa Kang'ata. Nikamwambia pole, umepotezwa, mtu yule nimemtunga, hayupo.

"Najua hayupo," akasema. "Ndiyo sababu nimekuja."

Nikamletea maji. Akanywa, akaendelea bila haraka, kama mtu anayesahihisha kazi ya mtoto.

"Jina umekosea. Aliitwa Mkomwa. Mkono umepatia, ni wa kushoto. Lakini hakupotea siku ile. Nyapara wa shamba hili hili alimpeleka kukata, akamwambia mwenye mkono mmoja atatoa matita ya mwenye mikono miwili. Mama alikuwa anampelekea chakula, akamkuta anafunga kwa meno kama mbwa. Ilikuwa hivyo karibu mwaka. Ndipo siku moja akaingia mkongeni, hakutoka."



"Nani kakuambia hayo ya meno, bibi? Mhina?"

"Mhina kaniambia ya yai na ya mkono. Ya meno kaniambia mama yangu, nikiwa mdogo. Kwani wewe uliyaandika?"

"Sikuyaandika."

"Basi."

Huenda hadithi ile niliisikia utotoni, mtu mzima akiwasimulia wenzake na mimi nacheza pembeni, ikazama, ikaibuka ukubwani nikaiita yangu. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini hiyo inajibu habari ya mkono tu, haijibu habari ya matita.

Alichotaka bibi kilikuwa kifupi. Kwao walikuwa wameambiwa wahame, waingie kijiji cha ujamaa, na kila mtu alikuwa anapita kuaga makaburi yake kabla ya kuondoka. "Wenzangu wanaaga," akasema. "Mimi sina la kuaga." Katika ukoo wao, mtu aliyepotea bila maiti kupatikana haachwi hivi hivi. Hukatwa shina la mgomba la urefu wake, likavikwa sanda, likazikwa, na matanga yake yakakaliwa siku tatu mahali alipopotea. Kaka zake walikuwa wanaogopa kuja shambani, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakafa wote. "Umemwita wewe," akaniambia. "Utamzika wewe."

Nilikataa. Nawaambia ukweli, sijipambi. Hadithi ile niliipenda ilivyo, na yule mtu kuondoka bila kuonekana tena niliona ndiyo sanaa yenyewe. Halafu niliogopa. Nilishamwambia meneja ni mambo ya kale ya kubuni, sasa nimchimbie kaburi mtu wa kubuni? Nikampeleka bibi kwa Mama Agnes apate pa kulala. Mama Agnes akaja kunitafuta akiwa bado na unga mikononi.

"Mgaza, mwenye maiti amekuja, wewe unabishania mstari wa mwisho?"

"Ni hadithi, mwalimu."

"Ulipoiandika ulitaka watu waiamini. Wameamini. Sasa unawakimbia."

Nikaenda zangu. Kiburi changu nimekifuga mwenyewe, hakitoki kwa neno moja.

Kilitoka Alhamisi. Mhina alikuwa anasukuma majani, mnyororo ukashika kishikizo cha mkono wa shati lake. Niliona mkono ukienda. Nikamkumbatia kiunoni nikavuta, yeye hakupiga kelele, alikuwa anatazama tu kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Ulikwishaingia kinywani mpaka kiwiko, vidole vimebakiza kidogo kufika kwenye visu. Shati likapasuka begani, tukaanguka wote wawili nyuma. Mkono wa shati ukapita kwenye visu, ukatoka ng'ambo umetatuka, umechanganyika na singa.

Meneja alikuwa hapo na yai lake. Alitazama, akasema, "Shati linanunulika. Endeleeni."

Mhina alikuwa amekaa chini anahesabu vidole vyake. Alivihesabu mara mbili. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mgaza, kamzike yule mzee."

Shina la mgomba lilishuka kutoka Vugiri, ndugu zake Mama Agnes walilileta. Bibi Mwanahawa alilipima kwa kamba aliyokuja nayo kwenye furushi, yenye mafundo mawili, akasema babake alikuwa akiinama mlangoni. Mwalimu wa madrasa alikataa kusalia mgomba, na alikuwa na haki. Alisema atamwombea dua Mkomwa, mja wa Mungu, hilo shina mtajua wenyewe. Kabla sanda haijafungwa, bibi akauliza, "Kile kitambaa kilichotoka kwenye mashine kiko wapi?" Mhina alikuwa amekiokota. Bibi akakilaza upande wa kushoto wa shina, akakipapasa kikalala vizuri.

"Hapa ndipo alipopungukiwa," akasema.

Tulichimba kaburi hatua chache kutoka mlango wa korona. Tukamzika kabla ya jua kuwa kali. Kisha tukatandika mikeka ya matanga, na kwa kuwa wafiwa tulikuwa wengi, mikeka ikafika mpaka ndani ya banda, mpaka miguuni mwa meza ya mashine. Wakataji wakaja na mapanga yao, wakayaweka chini, wakakaa. Toroli zikasimama kwenye reli. Ukimya ule hatukuwa tumewahi kuusikia mahali pale. Masikio yalikuwa yanauma.

Meneja alikuja mbio.

"Mmegoma?"

"Hatukugoma," nikasema. "Tumefiwa."

"Nani kafa?"

"Baba wa huyu bibi."

Akashusha sauti kidogo, maana hata yeye alizaliwa na mtu. "Poleni. Amefariki lini?"

"Zamani za Mjerumani."

"Na matanga ni leo?"

"Tumechelewa, bwana meneja," akasema Mhina, na shati lake la mkono mmoja. "Utuwie radhi."

Aliondoka akasema anakwenda kuita wakubwa. Wakubwa walikuja siku ya pili, watu wawili na gari. Lakini mtu akikuta matanga hawezi kusimama, atakaa. Wakakaa, bibi akawamiminia kahawa, wakasema pole, wakasikiliza habari ya Mkomwa kutoka kinywani mwake mwenyewe, pamoja na lile neno la nyapara, la mkono mmoja kutoa matita ya mikono miwili. Hakutaja kinga, wala hakumtaja meneja. Wakubwa wale walikuwa wanatazama kile kinywa wazi cha mashine na shati la Mhina, wakarudi bila kutufukuza.

Siku ya tatu, jua la saa sita, meneja alirudi peke yake. Safari hii hakuwa na yai. Alisimama mbele ya mashine, mkono mmoja mezani, akamwuliza bibi, marehemu anataka nini ili watu warudi kazini.

"Simjui yule nyapara wake," bibi akasema, "lakini kinywa hiki nakiona. Kifunikeni."

Meneja akafungua mdomo kujibu. Hapo mnyororo ukasogea.

Injini ilikuwa imezimwa siku tatu, imepoa kama jiwe. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu. Mnyororo ulisogea kiasi cha jani moja, pole pole, kama mtu anayekusogeza umpishe, ukasimama.  Mtoto wa mtu fulani alikuwa analia, akanyamaza. Meneja alikuwa ameegemeza kiganja chake cha kushoto juu ya meza. Alikiondoa, akakitia mfukoni, na hakukitoa tena siku ile.

Fundi alikuja kueleza baadaye kuwa mkanda wa mashine ukipata joto la mchana hulegea, na mnyororo unaweza kusogea. Mimi si fundi. Alikuwa anaeleza huku anaondoka.

"Leteni chuma," meneja akasema.

Kinga ilitengenezwa kwa vyuma vya toroli iliyovunjika, ikafungwa jioni ile, na majani yakapita mwendo ule ule. Bibi Mwanahawa aliaga kaburi la babake asubuhi yake, akapanda lori kwenda kuhama na wenzake. Tita la meno halikuja tena. La mwisho nilikuwa nimeliweka, nikalifungua peke yangu, nikahesabu majani. Yalikuwa ishirini na tisa. Sijui la thelathini lilikuwa limebaki wapi.

Hadithi niliiandika upya. Nikafuta Semlugu nikaweka Mkomwa, nikaandika meno, nikaandika sanda. Nyie mnaoandika, mvisheni aliye hai shati la marehemu, ni njia nzuri, mimi nimeipita. Lakini mjue shati la marehemu lina mwenyewe. Ukimwita, usimwache amesimama nyuma ya singa. Mpe jina lake, mzike, ukae matanga yake, hata kama ulidhani umemtunga.

Mhina alipanga majani mpaka alipostaafu. Amefariki mwaka huu, kwao Kang'ata, usingizini, na wanawe wakaniita niwe miongoni mwa waoshaji. Nilianza na mkono wa kulia, kama inavyotakiwa. Kisha nikashika wa kushoto. Ulikuwa umekonda, lakini ulikuwapo wote, hadi kwenye kucha. Niliuosha polepole kuliko wa kulia, na waoshaji wenzangu wakaningoja, hakuna aliyeniuliza.